Alijifukuzisha Mwenyewe

“Huyu hatukumfukuza, mzee wangu. Alijifukuzisha mwenyewe.”

Maneno hayo niliambiwa Januari iliyopita katika ofisi ya mkuu wa shule moja ya sekondari ya kata, juu kule kwenye uwanda wa Makonde, na mkuu mwenyewe, aliyeyatamka, hakuwa mkali wala hakunikejeli. Aliyasema kama mtu anayesoma mizani. Mbele yake palikuwa na rejesta ya Kidato cha Pili, imefunguliwa kwenye ukurasa wa Oktoba, na kidole chake kilitembea taratibu juu ya mstari wa jina la mpwa wangu: duara jekundu, duara jekundu, duara jekundu, kisha alama moja ya bluu siku ya Jumatano, kisha maduara tena hadi mwisho wa ukurasa. Mpwa wangu, ambaye ana miaka 16, alikuwa amesimama nyuma yangu katika shati la shule lenye madoa ya mabibo kifuani. Aliyekulia huku kusini anajua kwamba doa la bibo halitoki kwa sabuni wala kwa jiki, na kwamba kijana mwenye shati la namna hiyo hana haja ya kuulizwa alikuwa wapi msimu wa korosho.

Alikuwa shambani. Dada yangu anafanya kazi Dar es Salaam, na mtoto alibaki kijijini kwa mama yangu, ambaye ana mikorosho aliyoachiwa na marehemu baba na magoti ambayo hayainami tena. Korosho haimsubiri mtu: ikidondoka isipookotwa, mvua ya kwanza inaiharibu daraja, na ikishuka daraja bei nayo inashuka mnadani. Kwa hiyo kuanzia mwishoni mwa Septemba hadi wiki ya kwanza ya Desemba kijana aliokota, alikausha, alichambua, akafunga magunia na kuyapeleka chama cha msingi kwa bodaboda. Upimaji wa Kitaifa wa Kidato cha Pili ulifanyika na kwisha yeye akiwa chini ya mikorosho. Sitaki kumpamba, maana alipomaliza korosho za bibi yake aliendelea kuokota za majirani kwa ujira, na sehemu ya fedha hiyo aliinunulia simu. Utoro wake, basi, ulianza kama msaada na ukaishia kuwa biashara.

Mama yangu alinipigia simu Desemba, kwa sababu kwa mila yetu Wamakonde mtoto wa dada ni mzigo wa mjomba kabla hajawa mzigo wa mtu mwingine. Nikaona dawa ni kumhamishia huku Mtwara mjini, aishi nyumbani kwangu, mbali na mikorosho. Shule ya kwanza niliyokwenda kuulizia, hapa hapa mjini, mkuu wake alinipokea vizuri, akaniambia Kidato cha Pili kina nafasi chache lakini zipo, niandae barua ya uhamisho. Alipouliza maendeleo ya kijana na kusikia kwamba hakufanya upimaji kwa ajili ya utoro, akafunga daftari lake na kusema kwamba, akitazama vizuri, madawati hayatoshi. Nafasi ilikuwapo saa nne, na saa nne na dakika kumi ilikuwa imekwisha. Aliongeza, kwa upole kabisa, kwamba kijana wa aina hiyo ningempeleka kwenye elimu ya watu wazima au ufundi. Ndipo nikapanda gari kurudi kijijini kufuata barua ya uhamisho, nikakutana na lile neno.

Nimelifikiria sana neno hilo tangu siku ile, kwa sababu ni neno la ajabu. Kufukuza kuna anayefukuza. Kufukuzwa nako kuna aliyefukuza, hata kama hatajwi. Lakini kujifukuzisha ni kitenzi kilichommeza mtendaji wake: mtoto yuko nje ya shule, mlango umefungwa, na hakuna mkono uliouvuta. Mwalimu hakusaini kitu, bodi ya shule haikukaa, mzazi hakuandikiwa barua, na bado jina limetoka orodhani. Kila mzazi niliyezungumza naye baada ya hapo, kuanzia Mikindani hadi Nanyamba, alikuwa na hadithi ya mtoto aliyejifukuzisha, na hakuna hata mmoja aliyeweza kunionyesha karatasi.

Nilipouliza utaratibu ni upi, mkuu wa shule alinitajia siku 90 mfululizo, hesabu ambayo walimu wengi huitaja panapozungumzwa utoro. Nikamwomba tuhesabu pamoja. Tangu mwishoni mwa Septemba hadi shule zilipofungwa, hata ukichanganya Jumamosi na Jumapili, siku 90 hazikutimia. Tena palikuwa na ile Jumatano yenye alama ya bluu, inayokata mfululizo kama kisu. Nilimgeukia kijana nikamwuliza kwa nini alikwenda shule siku ile moja tu. Akajibu, macho yakiwa chini, kwamba siku hiyo mizani ya chama ilikuwa mbovu, hapakuwa na kazi. Mkuu wa shule alicheka, nami nikacheka, na nadhani hapo ndipo mazungumzo yetu yalipoanza kuwa ya kweli.

Lakini tuiache hesabu. Hata kama siku zingetimia 90, au 100, hesabu ingetueleza tu kwamba mwanafunzi hajaonekana, na kwamba katika takwimu za shule aandikwe miongoni mwa walioacha. Takwimu hazifukuzi mtu. Kanuni za mwaka 2002 za kufukuza na kusimamisha wanafunzi, zilizotungwa chini ya Sheria ya Elimu ya mwaka 1978, zinataja hali ambazo mwanafunzi anaweza kuamriwa aondolewe shuleni: utovu wa nidhamu wa makusudi na wa kurudiarudia unaohatarisha nidhamu ya jumla au jina jema la shule, makosa ya jinai kama wizi, uharibifu wa mali na matumizi ya dawa za kulevya, makosa dhidi ya maadili, na kufunga ndoa. Mtu anaweza kusema utoro wa miezi miwili na zaidi ni utovu wa nidhamu wa makusudi na wa kurudiarudia, na mimi sitabisha sana. Ila hata hapo kufukuzwa ni jambo la kuamriwa, na amri ina mtoaji, ina tarehe, ina sababu, na aliyeamriwa anaweza kwenda nayo kwa mkubwa wa aliyeitoa akalalamika. Aliyejifukuzisha hana pa kulalamika. Atamlalamikia nani, yeye mwenyewe?

Kwa hiyo swali ambalo watu huuliza, kama shule inaweza kumkataa mtoro, mimi naona ni maswali mawili yaliyofungwa kwenye kanga moja, na kosa langu la mwanzo lilikuwa kutoyatenganisha. La kwanza ni la shule ambayo mtoto tayari ni wake. Mpwa wangu alimaliza darasa la saba, akafaulu, akachaguliwa na Serikali kwenda shule ile ya kata, jina lake likabandikwa. Nafasi ile ni yake hadi mwenye mamlaka aiondoe kwa utaratibu. Anaporudi, hata akirudi na aibu yake, haombi kuandikishwa, anarudi kwake. La pili ni la shule ya mjini, ambako jina lake halijawahi kuwapo. Uhamisho ni ombi, na anayeombwa ana haki ya kusema nafasi hakuna, ili mradi iwe kweli nafasi hakuna. Sheria ya Elimu, kifungu cha 56, inampa kila raia haki ya kupata elimu ya kiwango kinacholingana na uwezo wake, na inakataza kumnyima mtu elimu kwa sababu ya rangi, dini au itikadi tu. Utoro haumo katika orodha ile. Yule mkuu wa shule wa mjini hakuvunja sheria ninayoweza kumwekea kidole. Alichonikosea ni kunidanganya kuhusu madawati.

Watu wengi hapa wataniambia elimu ni haki ya kikatiba. Ni kweli Ibara ya 11 ya Katiba inaitaja, lakini Ibara ya 7 inasema masharti ya sehemu hiyo hayatekelezwi kwa kuipeleka Serikali mahakamani, kwa hiyo usimtishie mwalimu kwa ibara hiyo. Anaweza kuwa ameisoma kuliko wewe. Ulazima wa kuandikishwa nao, uliowekwa na kifungu cha 35 cha Sheria ya Elimu, umejengwa juu ya elimu ya msingi, na ndiyo maana mtendaji wa kijiji huwakamata wazazi wa watoro wa darasa la tatu kwa kujiamini zaidi kuliko wa Kidato cha Pili. Sera ya Elimu ya mwaka 2014, toleo la 2023, inataka elimu ya lazima iwe ya miaka kumi, sita ya msingi na minne ya sekondari. Jambo hilo likishatekelezwa kikamilifu, mjadala huu utabadilika sura, maana huwezi kumlazimisha mtoto awe shuleni na papo hapo ukamwambia alijifukuzisha.

Nina sababu ya kutomlaumu sana mwalimu wa watu. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa mjumbe wa kamati ya shule ya msingi, na katika kikao kimoja tulisomewa orodha ya watoro sugu, majina kumi na kitu. Mwenyekiti akauliza, “Tuwafute?” Tukajibu kwa pamoja, “Wafutwe.” Ilichukua muda mfupi kuliko agenda iliyofuata, iliyohusu tundu la choo. Sikuuliza jina hata moja kati ya yale ni la mtoto wa nani. Nilikuwa na njaa, na kikao kilikuwa kimechelewa kuanza.

Tena mkuu wa shule ana mashaka yake, na ni ya kweli. Tangu Januari 2023 Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule kumi bora, na wengi tulishangilia, lakini katika vikao vya tathmini vya wilaya shule bado zinapangwa, na mkuu ambaye shule yake iko chini anasimama kujieleza mbele ya wenzake. Mtoro akisajiliwa asitokee kwenye mtihani, ni pengo katika matokeo. Akitokea bila kusoma, ni sifuri katika matokeo. Kwa mwalimu huyo, mtoto bora kuliko wote ni yule mtoro ambaye hayumo kwenye orodha. Halafu kuna wale arobaini au sitini waliokuja kila siku, wanaomwona mwenzao akirudi na simu mpya mkononi na hakuna lililompata. Mwalimu aliniuliza, “Hawa nitawaambia nini, mzee wangu?” Sikuwa na jibu zuri. Nilimwambia kwamba mpwa wangu atarudia Kidato cha Pili pamoja na walio wadogo kwake, na kwamba kwa kijana wa miaka 16 aliyeanza kuota ndevu hiyo si zawadi.

Hapo ndipo penye kiini cha utoro wa vijana wengi huku, kama wenyewe wanavyoeleza ukiwapa nafasi. Siku ya kwanza ya kukosa shule ina sababu: korosho, jando la mdogo wake, nauli, kaptura iliyochanika. Siku ya pili sababu yake ni siku ya kwanza, maana anajua getini kuna mwalimu wa zamu na fimbo. Kanuni za adhabu ya viboko, nazo za mwaka 2002, zinasema viboko visizidi vinne, vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyemteua, na viandikwe kwenye daftari lake. Mpwa wangu aliniambia kuwa hesabu ya getini na hesabu ya daftari hazijawahi kukutana. Kufikia wiki ya tatu mtoto hakimbii tena somo la hesabu, anakimbia mrundikano wa siku alizokosa. Ukimwambia rudi, unamwambia akalipe deni lote kwa siku moja. Nilimwuliza kwa nini hakurudi baada ya ile Jumatano. Alinijibu, “Mjomba, nilichapwa za wiki tatu kwa siku moja. Kesho yake nikaona afadhali korosho.”

Kuna karatasi moja iliyonisaidia, na nashangaa wazazi wachache wanaifahamu. Novemba 2021 Wizara ya Elimu, wakati huo waziri akiwa Profesa Joyce Ndalichako, ilitangaza kwamba wanafunzi waliokatiza masomo kwa sababu mbalimbali waruhusiwe kurudi katika mfumo rasmi, na ukatoka Waraka wa Elimu Na. 2 wa mwaka huo. Watu wanaukumbuka kama waraka wa mabinti waliopata ujauzito, kwa sababu marufuku dhidi yao ndiyo iliyokuwa imepigiwa kelele hadi nje ya nchi. Lakini waraka wenyewe unahusu waliokatiza masomo katika elimu ya msingi na sekondari, na mvulana aliyekatizwa na korosho ni aliyekatiza masomo kama wengine. Waraka si sheria, na waraka mwingine unaweza kuufuta kesho. Lakini kwa mkuu wa shule wa kata, waraka wenye mhuri wa wizara una uzito kuliko kifungu chochote nitakachomnukulia.

Sikumnukulia. Nilifanya kitu kidogo tu ambacho ningependa kila mjomba, shangazi na bibi akifanye. Niliomba karatasi nyeupe palepale ofisini, nikaandika kwa mkono barua fupi: jina la kijana, kidato, tarehe aliyoacha kufika, sababu, ombi la kurejea kuendelea na masomo kwa kurudia Kidato cha Pili, na mwishoni nikaandika kwamba kama ombi haliwezi kukubaliwa naomba kujibiwa kwa maandishi nikitajiwa kanuni iliyotumika. Nakala nikaielekeza kwa Afisa Elimu Kata. Mkuu wa shule aliisoma mara mbili. Alipofika kwenye sentensi ya mwisho alivua miwani, akaniuliza kama mimi ni mwanasheria. Nikamwambia hapana, nauza vifaa vya umeme.

Aliuliza pia kwa nini barua imesainiwa na mjomba na si baba. Baba wa mtoto hajaonekana tangu mtoto alipokuwa anatambaa. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inapomtaja mzazi haiishii kwa aliyezaa, inamhesabu pia mtu aliyekabidhiwa malezi ya mtoto. Lakini pale juu uwandani sikuhitaji sheria hiyo, kwa sababu mwalimu mwenyewe ni Mmakonde na alikuwa akiuliza kwa ajili ya faili tu.

Jibu lilikuja baada ya siku tisa, kwa maandishi na mhuri: amekubaliwa, arudie kidato, mlezi asaini ahadi ya mahudhurio, na kijana aripoti kwa mwalimu wa darasa kila asubuhi kwa mwezi wa kwanza. Nilikuwa nimejiandaa kwa vita, na barua ile ilinifanya nijione mjinga kidogo. Mwalimu aliyeniambia kwa mdomo kwamba kijana alijifukuzisha hakuweza, au hakutaka, kuliandika neno hilo kwenye karatasi yenye nembo ya halmashauri. Sidhani ni unafiki. Nadhani alipokaa kuliandika aliona, kama nilivyoona mimi baadaye, kwamba sentensi ile haina mwenyewe.

Kuhusu ushauri wa yule mkuu wa mjini, kwamba nimpeleke ufundi au elimu ya watu wazima, sina dharau nao. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima inawafundisha vijana wengi waliokosa njia ya kawaida, mtihani wa maarifa, ule wa kuwafungulia waliosoma nje ya shule njia ya kufanya mtihani wa Kidato cha Nne, umewavusha watu ninaowafahamu, na chuo cha ufundi cha VETA cha hapa Mtwara na chuo cha maendeleo ya wananchi cha Mtawanya vimetoa mafundi ninaonunua na kuuziana nao kila wiki. Kinachonikera ni wakati ambapo njia hizo hutajwa. Hakuna anayemtajia VETA mwanafunzi wa kwanza darasani. Zinatajwa mlangoni, mtu akiwa anatolewa, kana kwamba ni jalala la shule za kata, na kijana naye husikia hivyo hivyo. Mpwa wangu akimaliza Kidato cha Nne akachagua umeme, nitampokea dukani kwa mikono miwili.

Nilimwacha kijijini, kinyume na mpango wangu wa awali, kwa sababu nafasi yake ilikuwa kule na kwa sababu mama yangu hakutaka kubaki peke yake. Tulikaa wote watatu barazani, tukagawana msimu. Mimi nalipa waokotaji wawili Jumatatu hadi Ijumaa. Kijana anaokota Jumamosi na Jumapili, na fedha ya siku hizo ni yake, haiulizwi. Bibi alilalamika kwamba waokotaji wa kulipwa wanaacha korosho kwenye majani. Simu ya kijana inakaa kwa bibi siku za shule, naye ameanza kuitumia kunipigia bila sababu.

Msimu wa mwaka huu umekwishaanza, na kila Ijumaa mwalimu wa darasa hunitumia ujumbe mfupi wenye tarakimu moja tu, idadi ya siku alizofika. Wiki tatu mfululizo ulisomeka 5. Jumatatu iliyopita alinipigia kabisa, saa tatu asubuhi, na nilipoona jina lake moyo ulinienda mbio. Alisema kijana ameingia kipindi cha pili, amekimbia kutoka shambani, mgongo umeloa na shati lina doa jipya la bibo juu ya yale ya zamani. Nikamwuliza amemwandikaje kwenye rejesta.

“Bluu,” akasema. “Ila mwambie bibi amnunulie shati lingine.”